Firigisi Iliyomfungia Mama Nje

Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi kwa jirani yetu hapa Endebess, wanawake watupu, na mazungumzo yakaingia mambo ambayo mtu hajawahi kuonja maishani. Mmoja akasema hajawahi kuiona bahari hata kwa picha nzuri. Mwingine akasema hajawahi kukata keki ya siku ya kuzaliwa, na hata siku yenyewe haijui, aliambiwa tu alizaliwa wakati wa kupalilia. Bibi mmoja mwenye meno machache akasema hajawahi kulala kitandani peke yake tangu azaliwe. Kwanza ilikuwa dada zake, halafu mume, sasa ni wajukuu, na wote wanapiga mateke. Tulicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Mimi mama yangu hajawahi kuingia nyumba yangu."

Walidhani natania. Msichana mmoja aliyeolewa juzi akauliza, "Ati hajawahi? Hata kunywa chai tu?"

"Hata chai."

"Si labda alikaa mbali sana?"

"Alikaa Bokoli."

Hapo hakuna aliyecheka. Kutoka Bokoli, hapo karibu na Webuye, mtu anatoka asubuhi na jua la saa sita linamkuta Endebess. Wote wanajua. Mwenye nyumba akaanza kuuliza kama kuna mtu ana kiu, na hadithi yangu ikafunikwa hivyo, kama vile mtu anafunika choo.

Nilirudi nyumbani na hasira. Ndiyo maana ninaandika. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea. Majina sitaweka, kwa sababu hao watu wana watoto, na watoto hawana makosa. Lakini kila mmoja nitamtaja kwa cheo chake, na akisomewa atajijua.

Kwetu sisi watu wa Bungoma, mama wa msichana haendi tu kwa nyumba ya binti yake kama anaenda kusaga unga. Kuna utaratibu. Kwanza wazee wa upande wa msichana wanakuja, wanakaribishwa, wanakula kuku ndani ya hiyo nyumba. Wakitoka wameridhika, siku inatafutwa, na mama anakuja na wanawake wenzake, vikapu vichwani, wimbo tangu barabarani, anaingizwa. Kutoka siku hiyo mlango ni wake. Kabla ya hapo anasimama nje. Na hata akishaingizwa, yeye na wakwe zake wa kiume hawakai chumba kimoja hivi hivi. Wanaheshimiana kwa kukimbiana. Mimi na huo utaratibu hatuna ugomvi. Una heshima yake. Ugomvi wangu ni na walioushika wakaufanya fimbo.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hivyo mdomo wa boma letu ulikuwa baba mkubwa, kaka yake. Yeye ndiye alikuja kutoka Bokoli na wazee wawili kula kuku kwangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mahindi yamefika magotini, na mimi ni bibi harusi bado mgeni. Tuliishi kwa shamba la kaka mkubwa wa mume wangu. Huyo ndiye shemeji, na mumkumbuke. Jogoo nilimfuga mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, mwekundu, mnene, anatembea kama chifu. Mume wangu akamchinja, mimi nikamnyonyoa.

Asiyejua mambo yetu aelewe hapa. Kuku wa mgeni anafika mbele ya mgeni akiwa kamili. Kila kipande kiwepo, na firigisi, hiyo wengi wanaita imondo, ikae juu kabisa mahali mgeni mkubwa ataiona bila kutafuta. Hiyo ni yake. Mwanamke haigusi kwa mdomo. Mtoto haiombi. Ikikosekana, mgeni hasemi "si neno". Anajua ametukanwa.

Nilikuwa nasonga ugali, mikono yote miwili kwa mwiko, shemeji akaingia jikoni. Mwanamume mzima, kaka mkubwa wa boma, jikoni kwa mke wa mdogo wake. Akafunua sufuria.

Nikamwambia, "Shemeji, acha, wageni hawajala."

"Naonja chumvi tu. Wewe songa ugali."

Akatoka. Taya lake lilikuwa linaenda kama la ng'ombe. Chumvi haitafunwi. Niliacha mwiko umesimama ndani ya ugali, nikafunua sufuria, na pale juu nilipokuwa nimeiweka firigisi palikuwa na mchuzi peke yake.

Nilimkimbilia mume wangu nyuma ya nyumba, alikuwa anapasua kuni. "Kaka yako amekula firigisi."

"Nyamaza. Labda imezama chini."

"Firigisi haizami. Twende kwa jirani tuombe jogoo mwingine, wageni watangoja."

"Tutaaibika bana. Peleka tu chakula. Hawatagundua."

Hawatagundua! Mzee wa Bokoli, amevaa koti, ametembea na fimbo, ametoka kwake kwa ajili ya kuku huyo, asigundue firigisi haipo! Sijui mume wangu alifikiri wazee wa kwetu wanakula wamefumba macho. Yeye ni mtu mpole, wote wanasema hivyo, na mimi nimeishi na huo upole wake. Upole wa mtu anayeogopa kaka yake ni mzigo anaobeba mke.

Basi chakula kikapelekwa. Baba mkubwa alinawa, akaomba ombi refu, akafunua bakuli. Akageuza mgongo wa kuku kwa kidole. Akageuza bawa. Akainua paja akatazama chini yake. Halafu akasema polepole, "Huyu kuku alikuwa anasagia chakula wapi?"

Shemeji alikuwa ameketi mbele yake, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akasema, "Wanawake wa siku hizi, mzee wangu. Wanaonja mpaka wanamaliza. Muulize mpishi."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na sinia ya ugali. Mwanamke mwenye adabu hapo angelia akaenda jikoni. Mimi nilisema, "Shemeji, ni wewe umeila. Fungua mdomo tuone."

Ungedhani nimemwaga maji ya moto. Baba mkubwa akakasirika mara mbili, kwanza kwa firigisi, tena kwa mimi kumwaibisha mwanamume mbele ya wageni. Akasimama. Maneno yake nayakumbuka kama amri za kanisani.

"Aliyekula ataleta jogoo Bokoli kwa mkono wake mwenyewe, na atasema kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo, mguu wa mtu wetu hautaingia nyumba hii."

Shemeji akacheka. "Mimi nibebe jogoo mpaka Bokoli? Bokoli mtaniona siku kuna matanga."

Wazee wakaondoka na njaa. Yule jogoo wangu alibaki mezani, na aliyemmaliza, paja kwa paja, ni shemeji. Mume wangu alimsaidia.

Nani alifungiwa nje siku hiyo? Baba mkubwa hakufungiwa. Yeye hakuwa na haja na nyumba yangu. Wazee walienda kula kwingine. Aliyefungiwa ni mama yangu, ambaye hata hakuwepo, na ambaye tangu nizaliwe alikuwa anangoja siku ya kubeba kikapu kichwani aje kwangu na wimbo.

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, msichana, mama alikuja kumwona. Aliingia Kitale, akapanda gari la Endebess, akashuka kwa kona ya maziwa, akatembea mpaka ua wetu wa michongoma. Hapo akasimama. Akaita jina langu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuza mboga kwa nyumba asiyoijua.

Nilimpitishia mtoto juu ya michongoma. Mama alimpokea mjukuu wake juu ya miiba kama mtu anayepokea maziwa kwa jirani. Akamfunua, akatazama vidole, masikio, akacheka, "Huyu ana kichwa cha baba yako. Pole yake." Nikakimbia kumletea chai. Nilikuwa nimeipika ya maziwa matupu, majani mengi, vile anavyopenda. Akatazama kikombe, akatikisa kichwa.

"Chai ya nyumba ambayo sijaingia siwezi kunywa, mwanangu."

"Mama, ni chai tu."

"Najua ni chai. Inanukia mpaka huku. Kunywa wewe, nikuone ukinywa."

Alikuwa amebeba maji yake kwa chupa ya juisi. Nilikunywa chai upande wa ndani, yeye akanywa maji yake upande wa nje. Shemeji akapita na baiskeli yake, akasalimu vizuri sana, "Mulembe, mama!" na kuendelea. Salamu hakunyima mtu. Alichonyima ni jogoo.

Mara nyingine alikuja wakati wa mvua ndefu. Mnajua mvua ya Endebess, inashuka kutoka mlimani kama imefukuzwa. Tulikuwa tunaongea juu ya michongoma, ikamwagika. Mlango wangu ulikuwa hapo hapo, mabati mapya, moto unawaka ndani. Nikamshika mkono. "Mama, ingia. Hakuna mtu. Shemeji ameenda Kitale, baba watoto yuko shambani. Nani atakuona?"

"Nitajiona mimi."

"Mama, unaamini kweli hayo mambo ya firigisi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Kuamini ni kitu gani? Nikiingia leo, kesho mtoto wako akikohoa, watasema ni mimi. Ng'ombe akitupa mimba, ni mimi. Mume wako akianguka na baiskeli, ni nyanya wa watoto, aliingia bila njia. Wewe ndiye utaishi hapa na hayo maneno. Mimi nitakuwa nimerudi Bokoli, nimekauka."

Basi akasimama chini ya mkaratusi nje ya ua, leso kichwani, maji yanamshuka mpaka kwa viatu. Nikatoka, nikasimama naye. Tulilowa wote wawili. Alianza kucheka, "Tazama sisi, kama mbuzi wa mnada." Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama moshi unatoka kwa jiko langu, moto wangu mwenyewe, na mwanamke aliyenizaa anatetemeka.

Nilijaribu. Asije mtu akasema nilikaa tu. Nilimshika jogoo wangu mwingine, nikamfunga miguu, nikampeleka Bokoli mimi mwenyewe mpaka boma la baba mkubwa. Nikapiga magoti. Nikasema nimeleta jogoo, naomba njia ifunguliwe, mama yangu anazeeka.

Baba mkubwa alimpima jogoo uzito kwa mkono. "Jogoo ni mzuri," akasema. "Lakini jogoo wa mwanamke haongei. Nilisema aliyekula alete."

"Aliyekula hawezi kuja, baba."

"Basi na mimi siwezi kumeza maneno yangu."

Maneno hakuweza kumeza. Jogoo alimmeza. Alichinjwa jioni hiyo hiyo, nikatumwa kumpika, na firigisi nikaiweka juu kama inavyotakiwa, na baba mkubwa akaila mbele yangu, akaitafuna na chumvi, akasema nimejifunza kupika siku hizi. Asubuhi nikarudi Endebess mikono mitupu, na njia imefungwa vile vile. Sasa wewe niambie, kama jogoo wangu hakuhesabika, mbona aliliwa?

Nilienda pia kwa mchungaji wetu. Huyu kila Jumapili alikuwa anapiga meza juu ya mila, ati ni giza, ati tumetoka huko. Nikafikiri, haya, huyu ndiye mtu wangu. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akakuna shavu, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya ukoo. Kanisa haliwezi kuingilia." Mimi sikujua wakati huo kwamba mahindi ya harambee yake yalitoka ghala la shemeji. Giza lake lilikuwa na mipaka.

Hivyo miaka ikaenda. Watoto wakaongezeka, na wote nyanya yao walimjulia juu ya ua. Yule wa kwanza alipoanza kuongea aliniuliza, "Mama, kukhu anaishi kwa michongoma?" Alifikiri bibi yake ni mtu wa ua, kama ndege.

Halafu bunduki zikaanza kulia upande wa mlima. Hiyo habari wengine wameieleza, na wako waliopoteza zaidi yangu. Sisi tulipoteza nyumba. Tuliona moshi wa majirani asubuhi, tukaondoka na watoto, godoro moja na sufuria. Mbele yetu tayari shemeji alikuwa ameondoka na mkokoteni na ng'ombe wote, wake na wetu, na nilipomwita awabebe watoto wadogo alinionyesha kwa mkono kwamba mkokoteni umejaa. Ulijaa viti. Walioichoma nyumba yangu sikuona nyuso zao, kwa hivyo siwaandiki. Ninaandika wale niliowaona.

Tulifika Kitale, tukawekwa kwenye uwanja na watu wengine, hema kwa hema. Baada ya muda shemeji akatupata hapo. Ng'ombe alikuwa ameuza njiani, viti sijui vilienda wapi. Akaingia hema letu bila hodi, akalala kwenye godoro letu, akasema mgongo unamuuma. Mume wangu akamwekea koti chini ya kichwa.

Na mama akaja.

Nilimwona kwa mbali, anapita kati ya mahema anauliza, kikapu kichwani. Kikapu, hatimaye! Ndani kulikuwa na nguo za watoto, ndizi na chupa ya chai imefungwa kwa leso isipoe. Watoto wakamkimbilia, wakamshika miguu, mara ya kwanza hakuna miiba katikati. Alilia kidogo. Halafu akafika mlangoni kwa hema, akasimama kwa mazoea.

"Hii ni nyumba?" akauliza.

"Ni turubai, mama."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri. Akagusa kitambaa kwa vidole, akatazama kamba, akatazama udongo. "Ile nyumba ilichomwa?"

"Yote."

"Basi yale maneno ya mzee yalikuwa ya nyumba ile." Akatabasamu, na sura yake ikawa ya msichana. "Turubai hakuna mtu ametaja. Weka maji jikoni. Chai yako nitakunywa leo."

Aliinama, akaweka mguu mmoja ndani. Nikakumbuka shemeji. Nilimpita mbio.

"Shemeji, amka utoke. Mama anaingia."

Alikuwa hajalala, alikuwa amefumba macho tu. Alijua kama mimi kwamba mama mkwe hawezi kuingia mahali mkwe wa kiume amelala na fulana. Kutoka nje ilikuwa kazi ya dakika moja.

"Mgongo, shemeji," akasema. "Nimeambiwa nisisimame."

"Nani amekuambia?"

"Mgongo wenyewe."

Akacheka kwa utani wake. Nikamgeukia mume wangu, alikuwa hapo nje anashona kiatu. Nikamwambia, "Mwambie kaka yako atoke." Mume wangu akatazama kiatu. Akatazama hema. Akasema, "Mgonjwa ni mgonjwa, mama watoto. Si mama akae hapa nje kidogo, kuna hewa."

Mama alikuwa amesikia yote, turubai si ukuta. Akarudisha mguu wake nje. Aligeuza mtungi wa maji uliokuwa mtupu, akakalia kwa mlango wangu, mgongo kwangu na uso kwa watu. "Usipigane," akaniambia. "Kuna hewa kweli." Akafungua chupa yake, akamimina kifuniko kikajaa, akanipa. Ilikuwa chai ya Bokoli, bado moto. Kwa hivyo siku mama yangu alipofika karibu zaidi na nyumba yangu, ni mimi nilikunywa chai yake.

Hatukupata siku nyingine. Tulirudi Endebess, tukaanza kujenga chumba kimoja cha mabati, na nilikuwa nimeshaapa kwamba hicho chumba mama ataingia hata kama ni kwa kumbeba. Kabla sakafu haijakauka simu ikaja kwa jirani kwamba mama ameanguka shambani na hakuamka.

Matanga yalikuwa Bokoli. Nilikuwa nimekaa chini karibu na jeneza, kichwani kwake, na wanawake wengine. Wanaume walikuwa na viti vyao upande wa pili. Nikasikia kuku analia.

Shemeji alikuwa anaingia bomani amevaa koti, jogoo chini ya kwapa. Kwa sababu bila jogoo asingepewa kiti cha wakwe, wala chakula. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa baba mkubwa, akampa kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "ile firigisi nilikula mimi. Tulikuwa vijana bana."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Baba mkubwa alimpiga shemeji begani, akasema, "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilikuona ukichokonoa meno." Alijua! Miaka yote hiyo alijua, mama yangu analowa mvua na yeye anajua. Akainua mkono watu wanyamaze, akatangaza, "Yameisha. Njia ya Endebess imefunguka."

Nikauliza kutoka pale chini, "Imefunguka kwa nani?"

Mwanamke mmoja akaniminya goti. Wazee walikuwa wanatafuta kisu cha kuchinjia.

Tukamzika mama. Baada ya kuzika, yule jogoo aliletwa mbele ya wazee, sinia kubwa, wawili hao wameketi pamoja wapatane. Kunawisha mikono ni kazi ya binti wa boma, kwa hivyo nilipita na birika na beseni. Nilimnawisha baba mkubwa. Nilimnawisha shemeji. Mume wangu pia. Baba mkubwa akafunua bakuli, na firigisi ilikuwa juu, inang'aa mafuta, mahali pake.

Niliweka birika chini. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikaitia mdomoni.

"Weh!" baba mkubwa akasema. "Binti! Unakula nini?"

"Ameila!" shemeji akapiga kelele. "Ati ameila kweli!"

Sikuweza kujibu, mdomo umejaa. Hiyo nyama haimezwi haraka. Niliitafuna nimesimama mbele yao, na walingoja, wazee wote, mikono yao inadondosha maji. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilipomaliza nikamtazama shemeji.

"Muulizeni mpishi," nikasema. Nikaokota birika langu.

Bokoli mpaka leo wanasimulia habari ya mwanamke aliyekula firigisi kwa matanga ya mama yake. Hiyo wanaikumbuka vizuri. Habari ya mwanamke aliyesimama kwa mvua nje ya ua wa binti yake sijasikia mtu akiisimulia. Baba mkubwa alisema nikilipe kitendo hicho kwa jogoo, na mpaka nilipe mguu wangu usiingie kwake. Sijalipa. Na kwa taarifa yao, haikuwa hata tamu. Ilikuwa ngumu, haijaiva katikati, imetiwa chumvi na mtu mwenye haraka.

Nikienda Bokoli kupalilia kaburi la mama, napitia upande wa mto, mbali na boma la baba mkubwa, nabeba chai yangu mwenyewe.